Ngerengere: jina lililoshuka na mto

Abiria wa treni ya SGR kutoka Dar es Salaam wanaijua Ngerengere kama kituo cha mwisho kabla ya kufika Morogoro. Wengine, hasa waliopitia jeshini, wakiisikia huwaza kambi ya jeshi la anga. Wachache hukumbuka kwamba jina hilo ni la mto kwanza, na watu wakaja kulichukua baadaye.

Mto Ngerengere huanzia milima ya Uluguru. Hupita Mindu, ambako tangu miaka ya 1980 umezuiwa kwa bwawa linalowapa maji wakazi wa mji wa Morogoro, kisha hushika njia ya mashariki hadi kuingia Ruvu. Kwa hiyo anayekinga maji bombani Dar es Salaam, yale yanayovutwa kutoka Ruvu, anakinga na ya Ngerengere pia.

Aprili 1871 Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alifika kwenye mto huu karibu na Simbamwene, mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo, mahali ilipo Morogoro ya leo. Aliuandika Ungerengeri. Nadhani hiyo U aliiokota kutoka kwa majina ya nchi alizopita: Ukwere, Ukami, Uluguru. Ukiiondoa, jina ni lilelile tunalolitamka sasa. Mwaka uliofuata, akirudi pwani, aliukuta mto umefurika: ulikuwa umebomoa ukuta wa mbele wa Simbamwene na kuchukua nyumba zipatazo hamsini. Ilikuwa masika ileile ya 1872 ambayo kimbunga kilifyeka mikarafuu ya Unguja.

Wakati huo kituo hakikuwepo. Kililetwa na reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro 1907. Injini za moshi zilihitaji kuni na maji, na penye mto palifaa kusimama. Ndiyo maana kwenye reli hiyo utakuta Ruvu, Ngerengere na Mkata, vituo vitatu vyenye majina ya mito. Pembeni ya kituo yakaja maduka, na kandokando ya reli yakaenea mashamba ya mkonge pamoja na vibarua waliotoka mbali kuyafanyia kazi. Mtu akiulizwa anakwenda wapi, alijibu Ngerengere, akimaanisha stesheni. Jina likahama hivyo, kutoka majini hadi kwenye makazi.

Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walirudi nyuma mbele ya jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts, wakivunja madaraja ya reli, na tarehe 26 Morogoro ikatwaliwa. Watawala walibadilika, ila jina la kituo halikuguswa. Leo ni jina la kata katika Wilaya ya Morogoro, na tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, lina stesheni ya pili.

Neno lenyewe bado linahitaji wenyewe kulieleza. Walimu wa shule za Ngerengere, wapeni wanafunzi daftari na muwatume kwa wazee wa Kikwere, Kikutu na Kiluguru wanaoishi kando ya mto, waandike kila wanachosimuliwa kuhusu jina hili, hata kama masimulizi yanapingana. Fanyeni hivyo mwaka huu, wazee hao wakiwa bado wapo.