Hukumu bure, majina je?

Wadau, leo tuingie mahakamani kidogo. Zamani wakili wa katikati ya Nairobi alipekua hukumu kwenye vitabu vizito vya bei mbaya. Mkazi wa Kangemi alisikia fununu tu. Sheria ya 1994 ikaunda Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria, ambalo baadaye, kama Kenya Law, likaweka hukumu kwenye tovuti. Bure kabisa, safi sana!

Ila sisi waandika programu twajua: kitabu hupekuliwa polepole, tovuti hutafutwa kwa sekunde. Mtoto huandikwa kwa herufi za mwanzo. Aliyegombania kodi ya nyumba, jina zima.

Katiba ya 2010 inalinda faragha (kifungu 31) na haki ya habari (35). CanLII ya Kanada huzuia Google isiorodheshe hukumu, ingawa zinasomwa bure. Mimi ningeiga hilo.