Historia ya Vipimo, Sehemu ya 4: Kutoka Mkono Hadi Mashine ya Kupima Ugumu wa Ini

Leo tuongelee ugumu.

Ukija na malalamiko ya tumbo, kabla ya mashine yoyote tunakubonyeza. Hata waganga wa Misri ya kale waliandika jinsi ya kugusa uvimbe wa titi kwa mkono. Nyama iliyougua mara nyingi hukakamaa, na vidole vinaijua.

Shida ni ini. Limejificha nyuma ya mbavu. Homa ya ini B ikikaa mwilini miaka mingi huweza kuliachia makovu, likakakamaa pole pole, na mwenyewe hasikii chochote.

Zamani jibu lilikuwa sindano. Mwaka 1958 Giorgio Menghini wa Italia alieleza sindano yake ya kuchukua kinyama cha ini kwa sekunde moja. Ilisaidia mno. Lakini inauma, inaweza kuvujisha damu, na kinyama chenyewe ni kidogo sana ukilinganisha na ini zima. Nani angekubali kuchomwa mara kwa mara?

Mwaka 1991, huko Houston, Marekani, Jonathan Ophir na wenzake wakaja na wazo: piga ultrasaundi, bonyeza kidogo, piga tena. Palipo laini panabonyea, palipo pagumu panagoma. Mwaka 1995 wataalamu wa Mayo Clinic wakaonyesha njia ya kupima ugumu kwa MRI. Mwaka 2003 Laurent Sandrin na wenzake wa Ufaransa wakachapisha kipimo cha ini: kifaa kinagonga taratibu ubavuni, wimbi linapita ndani. Ini likiwa gumu, wimbi linakimbia zaidi. Dakika chache tu, hakuna kuchomwa, unapewa namba yako.

Ila namba siyo hukumu. Ukiwa umekula, au ini limevimba, inaweza kupanda. Kaa bila kula angalau saa 3 kabla ya kupimwa, na kama ni mjamzito sema mapema.

Mashine hizi kwetu bado ni chache, kwa hiyo usisubiri ini likakamae. Ukiwa kliniki ya wajawazito, ulizia kipimo cha homa ya ini B, na ulizia chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Ukiambiwa unayo, usikimbie. Rudi ufuatiliwe.

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu.