Mlima Meru na Riziki ya Mwanafizikia Kijana

Elimu ya fizikia ya nadharia haina gharama kubwa ya vyombo. Mwenye kuitafuta hutosheka na kalamu, karatasi na vitabu. Lakini anayo mahitaji mawili yasiyouzwa dukani: wasaa wa kufikiri, na wenzi wa kujadiliana nao. Akiyakosa hayo, akili yake husinyaa kama mche uliokosa maji, ijapokuwa tumbo lake limeshiba.

Msiba huu ulimpata Abdus Salam. Mwaka wa 1951 alirudi Lahore, katika Pakistani, kutoka Cambridge. Kazi aliipata na heshima aliipata, lakini hakupata mtu wa kuzungumza naye katika elimu yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka wa 1954 alirejea Uingereza, na nchi yake ikampoteza. Uchungu wa kuchagua baina ya nchi na elimu ulimfanya apiganie kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, nacho kikafunguliwa Trieste, katika Italia, mwaka wa 1964. Huko uliwekwa ufadhili wenye busara. Mtaalamu wa nchi maskini alilipiwa safari na posho, akakaa Trieste kwa majuma au miezi michache, akarudi kwao, na baadaye akaitwa tena. Kazi yake ya nyumbani ilimngoja.

Januari 1967, chini ya Mlima Meru, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Arusha. Azimio lilifundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba taifa linalotegemea misaada huuhatarisha uhuru wake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa mtazamo wa haraka, Arusha na Trieste zilipingana. Moja ilionya juu ya kupokea, nyingine ilikuwa ikitoa. Lakini zote mbili zilimtaka msomi aishi kwao.

Mwaka wa 2011 Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia ilianza kupokea wanafunzi wa shahada za juu Tengeru, mashariki ya mji wa Arusha. Wakazi wa maeneo ya Meru wana shida yao ya kale: maji yenye floraidi nyingi, ambayo hutia meno rangi na kupinda mifupa. Mhadhiri wa taasisi hiyo, Askwar Hilonga, alibuni chujio la maji, akatunukiwa tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka wa 2015. Ni haki fedha zifuate kiu ya watu. Walakini elimu ya chembe ndogo iliyotumika katika chujio lile ilitokana na watu waliouliza atomu ni nini, kabla hawajaulizwa ina faida gani.

Watu wa namna hiyo nao wanahitaji mfadhili. Safari imekuwa fupi tangu mwaka wa 2018, kituo cha Trieste kiliposhirikiana na Chuo Kikuu cha Rwanda kuanzisha taasisi ya utafiti wa elimu za msingi mjini Kigali. Hata hivyo, utaratibu wa Salam ulikuwa na sharti moja ambalo mgeni hawezi kulitimiza: kijana awe na mahali pa kurudi. Nauli yaweza kutolewa na mgeni. Kiti, mshahara na wasaa wa kufikiri sharti viwekwe na mwenyeji. Huko ndiko kujitegemea katika elimu.