Vifaa vya Sauti kwa Karaoke ya Nyumbani

Karaoke ya nyumbani ni uimbaji juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa bila sauti ya mwimbaji, unaofanyika sebuleni au barazani badala ya baa au ukumbi. Vifaa vyake vya msingi ni maiki, mikisa au amplifaya yenye tundu la maiki, spika, na chombo cha kuchezea nyimbo na kuonyesha maneno, ambacho siku hizi ni simu, kompyuta au runinga. Ugumu wake unatokana na jambo moja: muziki ulishapimwa na kusawazishwa studio, ilhali sauti ya anayeimba ni mbichi, inapanda na kushuka ghafla, na mwenyewe anataka kuisikia papo hapo. Kwa hiyo redio nzuri ya kusikilizia muziki si lazima iwe nzuri kwa karaoke, na wanunuzi wengi hulijua hilo pesa zikishatoka.

Asili

Mashine ya kwanza inayofahamika iliundwa na Shigeichi Negishi wa Tokyo mwaka 1967. Aliiita Sparko Box. Aliyeipa karaoke umaarufu ni Daisuke Inoue, mpiga ala wa vilabu vya Kobe, ambaye mwaka 1971 alikodisha kwa baa za mji huo mashine 11 zenye kanda, amplifaya, maiki na tundu la sarafu. Hakuikatia hataza, na utajiri ukaenda kwa wengine. Nchini Ufilipino, Roberto del Rosario alipata hataza za mtambo wake, Sing Along System, katika miaka ya 1980. Vyumba vya kukodi, vilivyoitoa karaoke kwenye baa na kuifikisha kwa familia, vilianzia Okayama, Japani, katika muongo huohuo, ndani ya makontena ya mizigo yaliyogeuzwa matumizi. Kontena tupu la chuma ni mahali pabaya mno pa kuimbia, hivyo sebule yenye makochi tayari imeshapiga hatua mbele.

Maiki

Maiki inayofaa ni ya aina ya dainamiki. Ndani yake utando mwembamba umeshikana na koili iliyo katikati ya sumaku. Sauti inautikisa utando, koili inacheza, na umeme kidogo unazaliwa. Haihitaji betri wala umeme wa nje, na inavumilia kuanguka, jambo la maana pale maiki inapopita mikononi mwa watoto na wajomba. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966 na ambayo umbo lake limebadilika kidogo sana tangu hapo. Inanasa sauti za kuanzia hezi 50 hadi 15,000, ina uzito wa takriban gramu 298, na wavu wake wa chuma hufunguka kwa kuuzungusha ili uoshwe kwa maji na sabuni, kisha ukaushwe kabisa. Sennheiser e835 hushindana nayo kwa karibu.

SM58 ndiyo pia maiki inayoghushiwa sana, na bidhaa bandia hufungwa kwenye boksi linalofanana na lile la kweli. Bei iliyo chini mno na mwili mwepesi kuliko kawaida ni dalili za kutosha za kuacha kununua. Maiki ya heshima ya kampuni isiyo na jina kubwa, inayouzwa kwa jina lake yenyewe, ni bora kuliko kubahatisha na nakala ya jina kubwa.

Aina ya pili, kondensa, ina hisia kali zaidi na huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa. Studioni hiyo ndiyo inayotakiwa. Sebuleni inanasa feni, jenereta ya jirani, kuku wa uani na, baya kuliko yote, spika yenyewe. Seti za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni zikiwa na mkono wa kukunja na sponji, kama zile ziitwazo BM-800, ni za kundi hili. Kwa kurekodi chumbani zinaweza kufaa. Kwa karaoke ya spika wazi ni chanzo cha mateso.

Mateso yenyewe ni ule mlio mkali ambao mafundi mitambo huuita fidibeki. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa na kutoka tena, na kila mzunguko unaongeza nguvu hadi mlio unapozidi kila kitu. Wanafizikia huihusisha hali hii na jina la Mdenmaki Søren Larsen. Ulinzi wa kwanza ni mwelekeo wa maiki. Maiki nyingi za kuimbia husikia kwa umbo la moyo: mbele zinasikia sana, kando kidogo, nyuma karibu hakuna. Spika basi iwekwe mbele ya mwimbaji ikiwatazama wasikilizaji, mwimbaji asimame nyuma yake, naye asiielekeze maiki kwenye spika hata anapopumzika. Maiki zenye umbo jembamba zaidi, kama Shure Beta 58A, zina sehemu yake ya kiziwi pembeni ya mgongo, kwenye digrii 120 na kitu, wala si nyuma kabisa. Anayeweka spika ya kujisikilizia nyuma ya maiki hiyo moja kwa moja anajitafutia balaa.

Kuna mazoea mawili yanayoharibu kazi ya maiki nzuri. La kwanza ni kuishika kwenye wavu kwa kiganja, kama wafanyavyo marapa. Kiganja huziba matundu ya nyuma yanayotengeneza lile umbo la moyo, maiki ikaanza kusikia pande zote, na fidibeki ikaingia mara moja. La pili ni kuimba kwa mbali. Ukisogeza mdomo kutoka sentimita 5 hadi 10, sauti inayofika kwenye maiki hupungua kwa takriban desibeli 6, na atakayeshika mikisa ataipandisha, akipandisha pamoja nayo kila kelele ya chumba. Mtu aimbe akiwa karibu, na kwenye noti kubwa aivute maiki kidogo. Maiki ya dainamiki ikiwa karibu na mdomo pia huongeza besi, zawadi kwa wenye sauti nyembamba.

Kila maiki iliyo wazi hukaribisha fidibeki: ukizidisha idadi yake mara mbili unapoteza kama desibeli 3 za nafasi ya kupandisha sauti. Maiki mbili zinatosha nyumba yoyote. Zenye swichi zinafaa zaidi hapa, ingawa mafundi wa kumbi hawazipendi.

Waya au bila waya

Waya ni rahisi, hauishiwi chaji na hauingiliwi na mawimbi. Kebo iwe na kichwa cha XLR chenye pini tatu pande zote mbili. Kebo hiyo hubeba ishara katika nyaya mbili zilizopinduana, hivyo kelele inayoingia njiani hujifuta yenyewe mwishoni. Jeki nene ya milimita 6.35 inayokuja na maiki za bei ya chini haina kinga hiyo. Ikizidi mita tano au sita huanza kuokota mvumo.

Kwa maiki zisizo na waya, mnunuzi ataulizwa kuhusu masafa, na wauzaji wengi hawatajua jibu. Zile za UHF ni imara, lakini sehemu ya masafa yake imehamishiwa kwenye simu. Marekani ilipiga marufuku maiki kwenye megahezi 698 hadi 806 mwaka 2010, na sehemu kubwa ya masafa ya 600 mwaka 2020. Afrika na Ulaya nazo masafa ya juu ya megahezi 694 yalitengwa kwa ajili ya simu baada ya runinga kuhamia dijitali. Maiki zilizokatazwa huko ndizo zinazoweza kuonekana kwenye soko la mitumba zikiwa za bei ya kuvutia, huku kampuni za simu zikitumia mawimbi hayohayo. Namba huandikwa kwenye kibandiko cha kipokezi; isomwe kabla ya kulipa. Maiki za gigahezi 2.4 hazina shida hiyo, ila hugombania njia na Wi-Fi, na kipokezi chake kisikae kando ya ruta.

Bluetooth ni habari nyingine. Kwa mfumo wake wa kawaida sauti huchelewa kwa milisekunde 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde, kuchelewa kwa milisekunde 150 ni sawa na kujisikia kutoka kwenye spika iliyo zaidi ya mita 50 mbali. Mwimbaji hupunguza mwendo ili sauti imfikie, muziki unamkimbia, na wasikilizaji wanadhani hajui kuimba. Ndiyo maana haifai kuunganisha maiki kwenye simu na kisha simu kwenye spika ya Bluetooth, hata programu isifiwe vipi. Maiki zenye spika ndani yake ni salama kwa hilo, kwa sababu sauti haisafiri popote, lakini spika hiyo ni ndogo na iko sentimita chache tu kutoka kwenye maiki.

Muziki wenyewe unaweza kuchelewa bila madhara. Wimbo ukitoka kwenye runinga kwa kebo ya HDMI ARC au ya mwanga na kuchelewa pamoja na maneno, mwimbaji atafuata anachosikia na mambo yatakwenda. Ile isiyotakiwa kuchelewa ni njia ya sauti yake mwenyewe, kutoka maiki hadi spika. Njia hiyo isipite kwenye runinga, simu wala Bluetooth.

Mikisa

Mikisa ndogo yenye matundu mawili ya XLR na mwangwi wa ndani, kama Yamaha MG06X, inatosha. Mwimbaji aimbe kwa nguvu zake zote, geini, yaani kiwango cha kukuza sauti inapoingia, ishushwe hadi taa nyekundu iache kuwaka, kisha vitufe vingine vifuate. Kitufe cha kukata besi, mara nyingi chini ya hezi 80 au 100, kibonyezwe na kiachwe hivyo. Huondoa mvumo wa mikono na pumzi. Mwangwi, au eko, husitiri kasoro ndogo za sauti, na ndiyo sababu seti za karaoke huujaza. Ukizidi, maneno hayasikiki, na kwa wimbo wa Kiswahili, ambao nusu ya utamu wake ni maneno, hiyo ni hasara kubwa.

Spika

Maboksi ya sabufa madukani huandikwa maelfu ya wati za PMPO, kipimo kisicho na kanuni moja ya upimaji. Takwimu ya kuangalia ni wati za RMS, yaani nguvu ya kuendelea. Isipopatikana, geuza kifaa usome kibandiko cha umeme nyuma: kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa maelfu kwa kuendelea. Tazama pia ufanisi wa spika, unaoandikwa kwa desibeli kwa wati moja kwenye mita moja. Yenye desibeli 90 hupata kwa nusu ya wati ukubwa ambao yenye 87 inahitaji wati nzima kuutoa.

Sabufa za nyumbani zimeundwa kwa besi na milio laini ya filamu. Sauti ya binadamu ipo katikati, na huko ndiko zilikonyimwa. Spika moja yenye amplifaya ndani, ya inchi 8 au 10, ikiwekwa kwenye stendi kwa kimo cha masikio, itaimba vizuri kuliko sabufa ya vipande vitano yenye taa za rangi. Seti ya zamani ya hi-fi inaweza kutumika kwa sauti ya wastani tu, kwani mlio wa ghafla wa fidibeki huunguza twita zake, zile spika ndogo za sauti nyembamba.

Vifaa vya mitumba kutoka Japani huwa vya volti 100 na vya Marekani volti 120. Vikichomekwa kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya bila transfoma, huungua. Mvumo wa besi usiokoma mara nyingi hutokana na vifaa kuchomekwa kwenye soketi tofauti. Vyote viingie kwenye ekstensheni moja yenye pini ya ardhi. Kuna mafundi wanaoikata pini hiyo ili mvumo uishe. Unaisha kweli, na kinga ya mshika maiki inaisha nao.

Nyimbo

Nyimbo zilizokwisha kuondolewa sauti zipo kwa wingi kwa Kiingereza, chache kwa bongo fleva, na haba kwa dansi na taarab. Njia ya kale ya kuziandaa ni kutoa chaneli ya kulia kutoka ya kushoto: kwa kuwa mwimbaji huwekwa katikati, kilicho sawa pande zote mbili hufutika. Besi na ngoma, nazo za katikati, huondoka pia. Rekodi za mono, na za dansi la zamani ni nyingi, haziwezi kabisa kutengenezwa hivyo, maana pande zote mbili ni kitu kilekile na matokeo yake ni kimya. Programu za kutenganisha sauti kwa akili bandia, kama Spleeter iliyotolewa na Deezer mwaka 2019, hazitegemei chaneli mbili na zinafanya kazi hata kwenye mono. Huacha kivuli cha mwimbaji wa awali nyuma ya magitaa, ambacho anayejifunza wimbo hukitumia kujua pa kuingilia.