Hestia, Mlinzi wa Meko katika Ugiriki wa Kale

Miungu mingi ya Wagiriki wa kale ilisifiwa kwa vita, ngurumo na mapenzi. Hestia, mungu wa kike wa meko, hakuwa na visa vingi. Alikuwa kifungua mimba wa Kronos na Rhea. Poseidon na Apollo walimposa. Akawakataa wote wawili, akala kiapo cha kubaki bikira. Zeus akampa heshima ya kukaa katikati ya nyumba, na katika karamu divai ya kwanza na ya mwisho ikamiminwa kwa jina lake.

Mahekalu yake yalikuwa machache, kwa kuwa meko ya kila nyumba yalikuwa madhabahu yake. Mtoto mchanga alibebwa na kuzungushwa mekoni siku chache baada ya kuzaliwa, ndipo akahesabiwa kuwa wa nyumba ile. Sisi tunaowaona maarusi wetu wakiuzunguka moto mtakatifu, na tunaojua kwamba Rigveda inaanza kwa kumsifu Agni, twaielewa maana yake bila mkalimani.

Mji nao ulikuwa na meko yake, katika jengo lililoitwa prytaneion. Humo moto ulitunzwa usizimike, na wageni wa heshima wakalishwa. Waliokwenda kuanzisha mji mpya ng'ambo ya bahari walichukua moto kutoka meko hayo, ili mji mpya uwe mtoto wa ule wa zamani.

Mwaka 479 KK, baada ya kuwashinda Waajemi huko Plataea, Wagiriki waliizima mioto ya nchi ile, wakiiona imenajisiwa na adui. Plutarch anasimulia kwamba Euchidas alikimbia hadi Delphi kuchukua moto safi, akarejea kabla ya jua kutua, mwendo wa kilomita zipatazo 180. Akawasalimu wenzake, akawakabidhi moto, akaanguka, akafa.

Leo hakuna mji unaotunza moto wa Hestia. Mawe ya prytaneion yangali yanaonekana Olympia, lakini mikono ya kuchochea kuni haipo. Wazee wetu waliovuka bahari kutoka Kutch na Kathiawar waliwasha taa nyumbani kabla ya kujenga kuta za hekalu. Tunapoadhimisha kuta hizi, tuwaite watoto wetu karibu na taa, tuwafundishe kuiwasha wenyewe.