Istilahi za Njia za Malori na Mwigo wa Magari

Mfasiri anayekabidhiwa ripoti ya mhandisi wa barabara hukwama mapema, kwani neno njia limebebeshwa mizigo mingi. Yafaa basi tulitazame jambo lenyewe lilikotoka kabla ya kuamua maneno.

Mwaka 1955 wanahisabati wawili wa Uingereza, M. J. Lighthill na G. B. Whitham, walitoa makala mbili pamoja: moja juu ya mafuriko katika mito mirefu, nyingine juu ya magari katika barabara zenye msongamano. Hisabati ilikuwa ileile. Mwaka huohuo D. L. Gerlough, huko Los Angeles, aliandika tasnifu juu ya kuiga mwendo wa magari kwa kompyuta. Hivyo ikaanza kuwezekana kuijaribu barabara kabla ya kumwaga zege. Lori lilidai hesabu yake: ni refu, ni zito, huchelewa kupata mwendo, na lipandapo mlima huwacheleweshea safari wote walio nyuma. Barabara ya kuingilia inayolitosha gari dogo huweza kulifikisha lori katika barabara kuu likiwa bado linajikokota, na hapo ndipo ajali hutokea.

Tumewahi kupokea tafsiri iliyotaja “maigizo ya malori”. Maigizo tuwaachie watu wa jukwaani. Hapa twapendekeza mwigo. Mkondo uwe wa magari yaendayo kwa pamoja, na asili yake ya mtoni inaafikiana na makala zile za 1955. Njia ibaki kama wananchi wanavyoitumia wasemapo barabara ya njia nne. Wapo wanaotaka barabara ya kuingilia iitwe kiingilio; dereva ataanza kupapasa mfuko.

Neno maalumu ndilo lenye hatari. Barabara ya New Jersey Turnpike nchini Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1951, baadaye ilipanuliwa, na katika eneo kubwa ina sehemu mbili kila upande: ya ndani ni ya magari madogo peke yake, ya nje hupitiwa na malori, mabasi, hata magari madogo. Ukiiita ile ya nje “njia maalumu ya malori”, umemfukuza mwenye gari dogo asiye na kosa. Maalumu ni ile ya ndani. Kosa kama hilo likiingia katika kanuni, atakayelipa faini si mfasiri.