Rangi Hazikuanzia Kwa Skrini

Wadau wa Kisumu Ndogo, ukifungua HTML kwa simu unaona alama za mabano zina rangi yake, maneno ya kawaida yana yake. Kompyuta haina haja na hizo rangi. Hata zote zingekuwa nyeusi, ingesoma tu. Ni za jicho lako, usipotee.

Sasa skiza. Kule Siyu, kisiwani Pate, karne za 18 na 19, waandishi wetu washaelewa hilo. Walinakili misahafu kwa mkono: maandishi kwa wino mweusi, mapambo na alama kwa rangi nyekundu na njano. HTML yenyewe imekuja mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kwa hivyo mtu akikwambia eti haya mambo si ya watoto wa Pwani, mwambie kumfikiria msomaji tulianza kitambo.